Kupatwa, Kuachana na Mlipuko: Uhakiki wa Maneno ya Kiswahili Yahusuyo Elimu Mpya ya Ulimwengu

Elimu ya ulimwengu iliyofundishwa mwaka 1900 siyo iliyofundishwa mwaka 2000. Karne ya ishirini ilipoanza, wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba nyota zote zilizoko ni za kundi moja tu, lile ambalo jua ni mojawapo ya nyota zake, na kwamba kundi hilo limetulia vivyo hivyo tangu zamani zisizo na mwanzo. Karne ilipokwisha, kundi hilo lilikuwa limejulikana kuwa ni moja katika mabilioni; makundi hayo, yaitwayo galaksi, yalijulikana kuwa yanazidi kutengana; na ulimwengu mzima ulikuwa umepata historia, ambayo leo hukadiriwa kuwa ya miaka bilioni 13.8. Ni nadra elimu kugeuka kiasi hicho katika muda usiozidi umri wa watu wawili.

Swali linaloihusu lugha ni hili: Kiswahili kimeyapokea mageuzi hayo kwa maneno gani, na je, maneno hayo yafaa? Aghalabu swali hili hujibiwa kwa kuhesabu. Husemwa kwamba lugha ina istilahi kadha wa kadha, au kwamba imepungukiwa na nyingine kadha, kisha orodha mpya hutungwa ili pengo lizibwe. Lakini kuhesabu si kuhakiki. Neno la elimu laweza kuwapo, likaandikwa kwa tahajia sahihi, likaingia kamusini, na bado likawa mzigo kwa anayelitumia. Kipimo kilicho bora ni kuuliza: neno hili lamlazimisha msemaji kuamini nini? Neno linalotaja tu kile kionekanacho huweza kuishi hata elimu ikigeuka mara tatu. Neno lililofungwa katika dhana moja, au lililochukuliwa katika mzaha wa lugha nyingine, humfundisha mwanafunzi kosa kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Kipimo hicho chahitaji mahali pa kupimia, na Ilagala pafaa. Ilagala iko katika wilaya ya Uvinza, mkoa wa Kigoma, kando ya Mto Malagarasi, si mbali na mahali mto huo unapoingia katika Ziwa Tanganyika. Hapana huko darubini kubwa wala chuo cha elimu ya nyota. Lakini ufuko huo wote, toka Kigoma na Ujiji kuelekea kusini, una kazi ifanywayo usiku na kalenda ifuatayo mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, mbalamwezi huishinda nguvu taa, samaki hawakusanyiki, na vyombo hupumzika ufukoni. Watu waliokesha ziwani kwa vizazi vingi hawahitaji kuambiwa kwamba mbingu ina utaratibu. Wanachohitaji ni maneno yasiyowapoteza. Wala Kiswahili si mgeni huko: Ujiji ulikuwa mji wa misafara katika karne ya kumi na tisa, na lugha hiyo imekaa ufukoni pamoja na Kiha na lugha nyinginezo tangu wakati huo.

Kupatwa

Yafaa kuanza na neno lililofaulu. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa. Siku hiyo wataalamu wa Uingereza walikuwa wamejipanga mahali pawili, Sobral katika Brazil na kisiwa cha Príncipe katika Ghuba ya Guinea, ili wapime kama nuru ya nyota ipitapo karibu na jua hupinda kwa kadiri iliyotabiriwa na nadharia ya Albert Einstein ya mwaka 1915. Kadiri hiyo ni sekunde 1.75 za tao, jambo dogo mno, lakini ndilo lililotofautisha nadharia mpya na ile ya Newton. Matokeo yalitangazwa London tarehe 6 Novemba mwaka huohuo, nayo yakahesabiwa kuwa ushindi wa Einstein.

Kisa hicho husimuliwa katika vitabu vingi. Lisilosimuliwa sana ni jambo la mahali kivuli kilikoelekea. Taarifa ya Dyson, Eddington na Davidson, iliyochapishwa mwaka 1920, yaeleza kwamba njia ya kivuli ilitoka kaskazini ya Brazil, ikavuka bahari, ikapita Príncipe, ikakatiza Afrika hata ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Wala kivuli hakikuishia hapo, bali kiliendelea kusini-mashariki hata Msumbiji. Pande za Kigoma, ambazo wakati huo zilikuwa mikononi mwa jeshi la Ubelgiji na hazikukabidhiwa kwa Waingereza mpaka mwaka 1921, jua lilipatwa kwa sehemu tu, alasiri, likielekea kuchwa. Basi tukio lililoigeuza elimu ya ulimwengu lilifika katika ziwa hili. Hapakuwa na chombo cha kulipima, lakini palikuwa na neno la kulitaja.

Neno hilo lastahili kuchunguzwa. Kupatwa ni kauli ya kutendwa ya kitenzi pata. Mtu hupatwa na homa, hupatwa na msiba. Jua nalo hupatwa. Kauli ya kutendwa katika Kiswahili huacha nafasi ya mtenda, ambayo hujazwa kwa kiunganishi na, tena yaweza kuachwa wazi bila sentensi kuharibika. Jua limepatwa ni sentensi kamili. Kwa nini limepatwa, na limepatwa na nini, ni maswali ambayo neno lenyewe halikuyajibu. Masimulizi ya kale yaliijaza nafasi hiyo kwa joka limezalo. Mwalimu huijaza kwa mwezi. Mwezi unapopatwa, huijaza kwa kivuli cha dunia. Katika hali zote tatu sentensi imebaki ileile, na mzee wa ufukoni na mwanafunzi wa fizikia huweza kuzungumza pamoja bila mmoja kumsahihisha mwenzake neno. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa likabaki kama pete, na watu wakakusanyika Rujewa katika wilaya ya Mbarali ili kulitazama, neno lililotumika lilikuwa lilelile. Katika miaka 97 nadharia ya mvutano ilikuwa imegeuzwa, lakini neno halikuhitaji kuguswa.

Yaweza kudaiwa kwamba neno hili lina harufu ya balaa, kwa kuwa yanayompata mtu kwa kauli hiyo mara nyingi ni mabaya. Dai hilo lina ukweli. Hata hivyo harufu si hukumu. Neno halisemi kwamba jua limedhurika. Lasema kwamba kuna jambo limelifikia. Mwalimu anaweza kuiondoa harufu kwa sentensi moja, ilhali kosa lililojengwa ndani ya maana ya neno haliondoki hata kwa sura nzima ya kitabu.

Majina ya Sayari

Kabla ya karne ya ishirini Kiswahili kilikuwa na hazina mbili za maneno ya mbinguni. Ya kwanza ni ya Kibantu, na mfano wake bora ni kilimia, kundi la nyota linalowaongoza wakulima. Shina lake ni lima, na methali yasema kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Neno hili halisemi nyota ni kitu gani. Lasema tu kwamba nyota hizi na kazi ya jembe huenda pamoja. Kwa hiyo wataalamu walipothibitisha kwamba nyota za kilimia zilizaliwa pamoja katika wingu moja la hewa, na kwamba umri wao ni mdogo sana ukilinganishwa na ule wa jua, neno halikupoteza kitu.

Hazina ya pili ni ya Kiarabu, iliyokuja kwa elimu ya falaki na kwa mabaharia wa pwani. Humo zimo Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, pamoja na neno sayari lenyewe, ambalo asili yake ni kwenda na kusafiri. Sayari ni nyota isafiriyo, tofauti na nyota zilizokaa mahali pake. Hili nalo ni neno linalotaja kionekanacho, na uthabiti wake ulionekana hivi karibuni. Pluto iligunduliwa mwaka 1930, mwaka uleule ilipoanzishwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili. Ikahesabiwa kuwa sayari ya tisa kwa miaka 76, kisha tarehe 24 Agosti 2006 mkutano wa wanaastronomia wa dunia uliofanyika Prague ukaitoa katika hesabu hiyo, ikawa sayari kibete. Kwa Kiswahili hapakuwa na tatizo: hiyo nayo husafiri, ila ni ndogo.

Kosa liliingia mahali pengine, nalo ni kosa la watunzi wa orodha. Uranus iligunduliwa mwaka 1781 na Neptune mwaka 1846. Falaki ya kale haikuzijua, kwa hiyo haikuwa na majina yake. Badala ya kukopa majina hayo kama yalivyo, orodha kadha zilizoenea mashuleni zilitafuta majina ya Kiarabu kwa kila hali, na zikayaokota yasipopaswa kuokotwa. Ndipo Sumbula, Sarateni na Kausi yakaonekana miongoni mwa sayari, ingawa hayo ni majina ya buruji, yaani mashuke, kaa na upinde, ambazo ni sehemu za mbingu zenye nyota zisizosafiri. Sayari iliyo karibu kabisa na jua ikaitwa Zebaki, kwa sababu Kiingereza hutumia neno moja kwa sayari hiyo na kwa madini ile ya majimaji. Kiarabu na Kiswahili havina mchanganyiko huo. Na jina Utaridi, lililobaki bila kazi, likapelekwa kwa Pluto. Sayari ya kwanza kutoka kwenye jua ikawa ya mwisho.

Kosa hili si dogo. Mtoto wa Ilagala aliyefundishwa na babu yake kuitambua Zuhura jioni, na aliyesikia jina la Utaridi katika mazungumzo ya falaki ya wazee wa Ujiji, hufika darasani akaambiwa kwamba Utaridi ni kitu ambacho hakuna jicho lililopata kukiona bila darubini. Hapo huamua moja katika mambo mawili: kwamba wazee hawakujua kitu, au kwamba shule haijui. Yote mawili ni hasara, na yote mawili yametoka katika uvivu wa mtu mmoja mbele ya kamusi ya Kiingereza.

Kuachana

Mageuzi makubwa kuliko yote ya karne hiyo yalitokana na swali la umbali, nalo ni swali ambalo mvuvi hulijua. Mtu aliyesimama ufukoni usiku wa giza huona taa nyingi ziwani, nyingine kali, nyingine hafifu. Taa hafifu yaweza kuwa ndogo iliyo karibu, au kubwa iliyo mbali. Jicho peke yake haliwezi kuamua. Lakini akijua kwamba taa zote ni za nguvu moja, hafifu itakuwa ndiyo ya mbali, na umbali wake waweza kukadiriwa. Wanaastronomia walikosa taa ya nguvu ijulikanayo mpaka mwaka 1912, wakati Henrietta Leavitt wa Harvard alipotoa matokeo ya uchunguzi wa nyota 25 ambazo mwanga wake hupanda na kushuka kwa vipindi. Alionyesha kwamba kadiri kipindi kilivyo kirefu ndivyo nyota ilivyo na nguvu. Tangu hapo, kuhesabu siku za kipindi kukawa njia ya kuijua nguvu ya taa.

Nyota hizo 25 zimo katika Wingu Dogo la Magellan, lililo upande wa kusini wa mbingu. Mwaka 1923 Edwin Hubble, akitumia darubini ya Mlima Wilson katika California, aliona nyota ya namna hiyohiyo katika doa la nuru la Andromeda, lililo upande wa kaskazini, akapata kwamba Andromeda iko mbali mno, nje kabisa ya kundi ambamo jua limo. Ni galaksi nyingine. Ilagala, ikiwa nyuzi kama 5 tu kusini ya ikweta, ni miongoni mwa mahali ambapo vyote viwili huonekana kwa jicho tupu. Usiku wa katikati ya Novemba, yapata saa nne, kukiwa hakuna mawingu wala mwezi, Andromeda huwa kaskazini kama ukungu hafifu, na Wingu Dogo huwa kusini juu ya ziwa, karibu katika mstari mmoja. Mjini London Wingu Dogo halichomozi kamwe. Nuru ya Andromeda inayofika ufukoni leo ilianza safari yake miaka milioni 2.5 iliyopita, na Ziwa Tanganyika, ambalo umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12, lilikuwa tayari limejaa maji.

Kisha mwaka 1927 Georges Lemaître, padre wa Ubelgiji, alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu hauwezi kuwa umetulia, na mwaka 1929 Hubble akatoa vipimo: kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyozidi kwenda mbali kwa kasi. Waandishi wa Kiswahili hulieleza jambo hili kwa kusema kwamba ulimwengu unapanuka. Kitenzi hicho chafaa kuhakikiwa. Kinachopanuka kina kando: barabara hupanuka, mlango hupanuka, Malagarasi hupanuka unapokaribia ziwa. Anayesikia kwamba ulimwengu unapanuka huuliza, na ana haki ya kuuliza, kando zake ziko wapi na zinaingia mahali pa nani. Swali hilo halikutoka katika elimu. Limetoka katika kitenzi.

Tena lipo tatizo la neno ulimwengu. Katika methali, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu huo ni watu na mambo yao. Malimwengu ni visa vya watu. Kwa hiyo ulimwengu unapanuka yaweza kueleweka kwamba shughuli za watu zinaongezeka, maana ambayo kila mtu aliyeona Kigoma ya zamani na ya sasa atakubali kuwa ni kweli, na isiyo na uhusiano wowote na Hubble.

Kiswahili kina njia iliyo sahihi zaidi, nayo imo katika sarufi yake. Ni kiambishi cha kutendana. Ikisemwa kwamba galaksi zinaachana, sentensi haina kando, haina kitovu, wala haimtaji aliyekaa na aliyeondoka. Kila moja huiacha nyingine na kuachwa nayo. Hili ndilo hasa lililogunduliwa: mtazamaji aliye katika galaksi yoyote ataona nyingine zote zikimkimbia, na hakuna awezaye kudai kwamba yeye ndiye aliyesimama katikati. Lugha nyingi hulazimika kueleza jambo hilo kwa aya nzima na kwa mfano wa mpira unaopulizwa. Kiswahili hulieleza kwa silabi mbili mwishoni mwa kitenzi. Ni ajabu kwamba watunzi wa istilahi wamekuwa wakitafuta nomino na kuvisahau viambishi vya kitenzi, ambavyo ndivyo fahari ya lugha hii. Na jina likihitajika, kutanuka, ambako hueleza kitu kujitandaza chenyewe, kuna madhara machache kuliko kupanuka.

Mlipuko Mkuu

Istilahi iliyo mbaya kuliko zote katika uwanja huu ni mlipuko mkuu. Asili yake yajulikana. Mwaka 1949 Fred Hoyle, mwanaastronomia wa Uingereza ambaye hakuikubali nadharia ya kwamba ulimwengu ulianza katika hali ya msongamano, aliipa jina la mkato katika matangazo ya redio ya BBC. Jina la mpinzani likashika. Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza kwamba mnururisho hafifu hutoka pande zote za mbingu, mabaki ya joto la kale ambalo sasa limepoa hata nyuzi kama 3 juu ya sifuri halisi. Nadharia aliyoipinga Hoyle ikapata nguvu, lakini jina alilolitoa likabaki. Kiswahili kilipoitafsiri istilahi hiyo hakikutafsiri elimu. Kilitafsiri jina la utani.

Tafsiri yenyewe imezidisha kosa. Mlipuko katika matumizi ya kila siku ni wa baruti, wa bomu, wa gesi, wa volkano. Una mahali ulipotokea. Una kishindo. Una nje, ambako vipande hurushwa, na una watu waliokuwa mbali wakasalimika. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilicho kweli kuhusu mwanzo wa ulimwengu. Haukutokea mahali, kwa kuwa mahali pote palikuwa humo. Haukurusha vitu katika nafasi tupu, kwa kuwa nafasi yenyewe ndiyo iliyotanuka. Haukuwa na nje. Mwanafunzi aliyelielewa neno la Kiswahili vizuri kabisa amekielewa kitu kisichokuwapo, na kadiri alivyo hodari wa lugha ndivyo alivyopotea.

Istilahi mtanuko wa mwanzo haina mvuto wa mlipuko, lakini haina uongo wake. Yalingana na kuachana kwa galaksi, kwa sababu kile kilichoanza wakati ule ndicho kinachoendelea sasa. Na mwaka 1998, makundi mawili ya wataalamu yalipoonyesha kwa kupima nyota zilizolipuka mbali sana kwamba mtanuko huo unazidi kasi, tofauti kati ya maneno hayo mawili ilidhihirika wazi. Mlipuko ukishatokea hupungua nguvu. Kila aliyesikia baruti ajua. Mtanuko waweza kuongezeka. Anayetumia neno la kwanza hana budi kuyaona matokeo ya mwaka 1998 kama muujiza. Anayetumia la pili huyaona kama habari.

Shimo Jeusi

Mhakiki mwadilifu hakatai kila tafsiri. Shimo jeusi ni tafsiri ya jina lililoenezwa na John Wheeler kuanzia mwaka 1967, nalo lina kasoro na lina sifa. Kasoro ni kwamba shimo ni uwazi, mahali palipochimbwa udongo ukatolewa, ilhali kitu kitajwacho ni mkusanyiko wa vitu vizito vilivyosongamana kupita kiasi. Sifa ni kwamba kinachotumbukia shimoni hakitoki chenyewe, na kwamba weusi ni kukosa nuru. Yote mawili ni kweli. Neno limeenea, na nusu yake ni sahihi. Lafaa kuachwa, ila fasili yake katika kamusi ianze na uzito na mvutano, isianze na uwazi.

Katika habari za kitu hicho yapo mafundisho kwa watu wa Kiswahili. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei zitokazo mbinguni peke yake. Kwa heshima ya siku na ya mahali iliitwa Uhuru. Chombo hicho kiliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na uchunguzi wake wa Cygnus X-1 ulikuwa miongoni mwa uliowafanya wataalamu waamini kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza elimu ya chombo hicho, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Basi neno la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya ulimwengu vya kila lugha, ila limo kama jina la chombo. Kiswahili kilitoa jina la darubini, na kikayapokea majina ya vilivyoonwa na darubini hiyo kwa tafsiri ya harakaharaka. Heshima ya kwanza ilitolewa na wageni. Ya pili hawawezi kuitoa ila wenye lugha wenyewe.

Pingamizi na Jibu

Mwanaisimu atapinga kwamba uhusiano wa neno na kitu ni wa nasibu. Kwamba mtaalamu haongozwi na asili ya neno bali na fasili yake. Na kwamba hata lugha za Ulaya zimejaa majina yasiyo sahihi na elimu yao haikukwama. Pingamizi hili ni la kweli kwa mtaalamu. Mwenye hesabu hahitaji jina. Angeweza kuuita mwanzo wa ulimwengu kwa herufi moja. Lakini istilahi za Kiswahili hazikutungwa kwa ajili yake. Katika Tanzania shule nyingi za msingi hufundisha kwa Kiswahili na za sekondari kwa Kiingereza. Mtoto anayeishia darasa la saba, na mzazi wake asikilizaye redio, hawatakutana na hesabu wala na fasili ya kitaalamu. Watakutana na neno tu. Kwao neno ndilo elimu nzima, na likiwa na kosa hawana mahali pengine pa kulisahihishia.

Kazi iliyokwisha kufanywa ni kubwa, nayo haifai kubezwa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, na kamusi ya biolojia, fizikia na kemia ikafuata mwaka 1990. Hata hivyo jina la kamusi hiyo ya pili laonyesha pengo: elimu ya nyota haikupewa mahali pake penyewe, ikabaki kuokotewa maneno na waandishi wa vitabu vya shule, kila mmoja kwa njia yake.

Yanayopasa kutendwa si mengi. Utaridi irudishwe karibu na jua, na zebaki ibaki kuwa madini. Buruji zitolewe katika orodha ya sayari, na Uranus, Neptune na Pluto ziitwe kwa majina yake. Kupatwa, sayari na kilimia yaachwe kama yalivyo, kwa kuwa yameshinda mitihani mingi kuliko kamati yoyote. Mlipuko mkuu upishe mtanuko wa mwanzo, na kuachana kwa galaksi kuingizwe katika vitabu vya shule. Na kila istilahi mpya, kabla ya kupigwa muhuri, isomwe kwa sauti mbele ya watu wasioijua lugha iliyotafsiriwa, ufukoni Ilagala au mahali pengine palipo kama hapo, kisha waulizwe wameelewa nini. Wakieleza kitu kilicho karibu na kweli, neno lipite. Wakieleza baruti, lirudishwe kwa aliyelitunga.